Nguvu ya Injini: Namba na Masharti Yake

Waheshimiwa wakufunzi, mafundi wenzangu, na wanafunzi mnaokaribia kuhitimu ufundi wa magari,

Mmenipa mada ya kupima nguvu ya injini na uwezo wa gari, nami nitaishughulikia kwa kusisitiza jambo moja ambalo naona halitiliwi maanani ipasavyo, si karakanani wala katika matangazo ya wauzaji. Namba ya nguvu ni nusu ya taarifa. Nusu nyingine ni masharti yaliyoizaa: imepimwa sehemu gani ya gari, injini ikiwa imefungwa vifaa gani, katika hewa yenye joto na kanieneo gani, na kwa kufuata kanuni ipi. Fundi anayetaja namba bila masharti hayo hajasema uongo, lakini pia hajasema kitu ambacho fundi mwingine anaweza kukihakiki.

Tuanze na kile kinachopimwa hasa. Injini haina mahali unapoweza kuchomeka kifaa ukasoma nguvu yake moja kwa moja. Vinavyopimika ni viwili: torki, yaani kani ya kuzungusha inayotoka kwenye krankishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni), na idadi ya mizunguko ya krankishafti hiyo kwa dakika. Kila aliyewahi kufungua nati iliyoshika kutu anaijua torki mikononi mwake, kwani akichomeka bomba kwenye mpini wa spana ili kuurefusha, nati hulegea ingawa misuli yake ni ileile. Hata hivyo, torki peke yake haijafanya kazi yoyote mpaka kitu kizunguke. Unaweza kuning'inia kwenye bomba hilo mchana kutwa, na nati isipogeuka, nguvu uliyoitoa, kwa hesabu za fizikia, ni sifuri. Nguvu hupatikana kwa kuzidisha torki na kasi ya mzunguko. Ukiwa na torki kwa newtoni-mita na mizunguko kwa dakika, zizidishe, ugawe kwa 9,549, na jibu litakuwa kilowati.

Chukueni sasa injini mbili. Ya kwanza ni dizeli ya lori inayotoa newtoni-mita 2,000 ikiwa kwenye mizunguko 1,200 kwa dakika. Ya pili ni ya petroli, ya gari dogo la mbio, nayo inatoa newtoni-mita 320 kwenye mizunguko 7,500. Fanyeni hesabu, mtakuta zote mbili zinatoa takriban kilowati 251. Mabishano ya vijiweni kuhusu ipi kati ya hizo inaishinda nyenzake hayana mwisho, na sababu ni kwamba kila upande umeshika namba moja tu kati ya tatu. Kwa giaboksi inayofaa, injini ile ya mbio ingeweza kulipandisha mlima tela la lori hilo kwa mwendo uleule. Ingepiga kelele, ingekunywa mafuta, na ingechakaa mapema, kwa kuwa haikuundwa kutoa nguvu hiyo saa nane mfululizo. Ndiyo maana mimi hutazama mchoro mzima wa torki na nguvu, kuanzia mizunguko ya chini hadi ya juu, kabla ya kutazama kilele chake. Injini mbili zenye kilele cha kilowati 100 zinaweza kutofautiana sana kwenye mizunguko 2,500, na huko ndiko dereva wa kawaida anakoishi. Kilele chenyewe hukifikia mara chache, tena kwa sekunde chache.

Kuhusu vipimo, nitapita haraka. James Watt, akiuza mashine zake za mvuke mwishoni mwa karne ya 18, alihitaji kuwaeleza wateja ni farasi wangapi wangeachishwa kazi, akaamua kwamba nguvu ya farasi mmoja ni kuinua pauni 33,000 kwa kimo cha futi moja katika dakika moja. Hiyo ni sawa na wati 745.7. Bara la Ulaya baadaye lilijiwekea farasi wake wa kimetriki, ambaye ni kilo 75 zinazoinuliwa mita moja kwa sekunde, sawa na wati 735.5. Tofauti ni ndogo, chini kidogo ya asilimia 1.5, lakini inatosha kulifanya gari la farasi 300 wa kimetriki kuwa la farasi 296 wa Uingereza bila mtu kugusa hata boliti. Kilowati haina utata huo, nami nitaitumia kila inapowezekana.

Kifaa cha kupimia huitwa dainamomita, na wazo lake halijabadilika kwa miaka 200. Mwaka 1821, mhandisi Mfaransa Gaspard de Prony alibana breki ya mbao kuzunguka ekseli ya mashine, akaifunga kwenye mkono mrefu, na kupima uzito uliohitajika kuuzuia mkono huo usizunguke pamoja na ekseli. Uzito huo mara urefu wa mkono ulimpa torki. Kuhesabu mizunguko kulimpa kilichobaki. Tatizo la breki ya Prony lilikuwa joto, kwani nguvu yote ya mashine iligeuka moto kwenye mbao. Mwaka 1877, Mwingereza William Froude, aliyetakiwa kupima injini kubwa za meli za kivita, aliiondoa mbao akaweka maji: gurudumu lenye vikombe huzunguka ndani ya kasha lenye vikombe vinavyolielekea, maji huvurugwa katikati, kasha hutaka kuzunguka, na mkono wenye mzani hulizuia. Maji yanayoingia na kutoka huondoka na joto. Dainamomita za maji za namna hiyo zingali zinafanya kazi viwandani hadi leo, hasa kwa injini kubwa. Nyingine hutumia sumaku: diski ya chuma huzunguka katika uga wa sumaku-umeme, mikondo ya umeme huzaliwa ndani ya diski na kuikinza, na fundi huongeza au kupunguza mzigo kwa kurekebisha umeme tu. Viwanda vingi vya sasa hupendelea mota ya umeme inayoweza kuibeba injini na pia kuisukuma, jambo linalowezesha kupima msuguano wa ndani wa injini ikiwa haiwaki.

Katika zote hizo injini imetolewa kwenye gari na kufungwa juu ya kitanda cha majaribio, na hapo ndipo swali la kwanza la masharti linapozuka: imefungwa ikiwa na nini? Marekani ilitoa somo la gharama kubwa juu ya swali hili. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, watengenezaji wa huko walitangaza nguvu ghafi, yaani nguvu ya injini iliyowekwa kitandani bila feni, bila kichujio cha kawaida cha hewa, bila altaneta kubebeshwa mzigo, na ikitolea moshi kwenye mabomba mapana ya maabara badala ya ekzosi ya gari lenyewe. Kuanzia magari ya mwaka 1972 wakahamia kwenye nguvu halisi, ambayo hupimwa injini ikiwa imevaa vyote inavyovaa barabarani. Injini ya lita 8.2 ya Cadillac Eldorado ilitangazwa kuwa na farasi 365 mwaka 1971. Mwaka uliofuata ilitangazwa kuwa na 235. Sehemu kubwa ya umma ilidhani injini zilikuwa zimelemazwa na sheria za moshi. Ni kweli kwamba miaka ileile mgandamizo wa silinda ulikuwa ukipunguzwa, na upungufu huo ulikula nguvu ya kweli, lakini kwa injini hii farasi hao 130 walipotea kwenye karatasi, si chini ya boneti. Anayelinganisha gari la 1968 na la 1978 kwa namba za vijitabu bila kujua hili anapoteza muda wake.

Swali la pili ni la hewa, na ndilo ninalotaka tukae nalo. Injini huchoma mafuta kwa kadiri ya oksijeni inayoipata. Hewa ya moto ni nyepesi, hewa ya mwinuko ni nyepesi, na mvuke wa maji uliomo hewani huchukua nafasi ambayo oksijeni ingeikalia. Kwa injini isiyo na turbo, yaani feni inayosukuma hewa ndani ya injini, kanuni ya makadirio ni kupoteza takriban asilimia 3 kwa kila mita 300 unazopanda kutoka usawa wa bahari. Injini ya kilowati 100 pwani inabaki na kilowati 82 hivi kwenye mita 1,800, ingawa haina ugonjwa wowote. Fundi asiyejua hesabu hii anaweza kubadilisha plagi, pampu ya mafuta na sensa zote akitafuta kilowati 18 ambazo zimechukuliwa na mlima.

Ili vipimo vya mahali mbalimbali vilingane, kanuni huweka hewa ya marejeo, na matokeo husahihishwa kwa hesabu kana kwamba injini ilipimwa katika hewa hiyo. Kanuni ya J1349 ya SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, hutumia nyuzijoto 25 za Selsiasi na hewa kavu yenye kanieneo cha kilopaskali 99. Kanuni ya zamani ya Ujerumani, DIN 70020, ilitumia nyuzijoto 20 na kilopaskali 101.3, hewa iliyo nzito zaidi, hivyo namba zake huwa juu kidogo. Ipo pia kanuni ya kale ya Marekani iliyochukua hewa baridi zaidi, nyuzijoto 15.5, na mashine nyingi za kupimia magari bado zina kitufe cha kuichagua. Ukikibonyeza, injini ileile, katika jaribio lilelile, huongezeka takriban asilimia 4 ikilinganishwa na J1349. Nimeona karatasi nyingi za matokeo zikiwa zimekatwa ukingo wa chini ambako jina la kanuni huandikwa, na sitaki kuamini kwamba mkasi hupita hapo kwa bahati mbaya kila mara.

Usahihishaji wenyewe una mtego. Hesabu hiyo iliandaliwa hasa kwa injini zinazovuta hewa kwa pistoni zake tu. Injini yenye turbo inayodhibitiwa na kompyuta huweza kufidia wepesi wa hewa kwa kuizungusha turbo kwa kasi zaidi hadi ifikie kanieneo ilichopangiwa. Ukiipima mahali pa juu na kuiongezea asilimia 20 za usahihishaji kana kwamba haikufidia chochote, umeizawadia nguvu ambayo haikuwahi kuwa nayo pwani wala mlimani. Kwa gari la namna hiyo andika namba isiyosahihishwa kwanza, kisha uandike joto, kanieneo na mwinuko kando yake.

Sasa nije kwenye mashine ambayo wengi wenu mtaitumia, ile ya rola, ambayo gari hupandishwa juu yake likiwa zima na magurudumu yake huzungusha mapipa mazito ya chuma. Inachopima ni nguvu iliyofika kwenye tairi, baada ya giaboksi, difu, ekseli na mpira wa tairi kula sehemu yao. Upotevu huo kwa gari linaloendeshwa na magurudumu mawili mara nyingi huwa kati ya asilimia 10 na 15, na huwa zaidi kwa magari ya magurudumu manne au giaboksi za otomatiki za zamani. Kutokana na takwimu hizo za jumla kumezuka tabia ya kuchukua namba ya rola na kuiongezea asilimia 15 kwa mkupuo ili kupata “nguvu ya injini”. Tabia hii naipinga. Ingekuwa upotevu ni asilimia isiyobadilika, basi injini iliyoongezwa nguvu maradufu ingeufanya msuguano wa giaboksi ileile uwe maradufu pia, ilhali sehemu kubwa ya msuguano huo hutegemea kasi na uzito wa oili, na sehemu tu hutegemea mzigo. Mashine nyingine hujaribu kuupima upotevu kwa kuliacha gari lipungue mwendo lenyewe juu ya rola baada ya jaribio, klachi ikiwa imekanyagwa. Njia hiyo ni afadhali kuliko kubahatisha, ingawa meno ya gia yasiyobeba mzigo hayasuguani kama yaliyobeba.

Rola nazo ni za aina mbili, na majibu yao hayalingani. Aina moja haina breki: kompyuta inajua uzito wa pipa, inapima jinsi mwendo wake unavyopanda haraka, na kutokana na hilo inakokotoa nguvu. Aina nyingine ina breki ya maji au ya sumaku inayoweza kulishikilia gari kwenye mwendo mmoja, chini ya mzigo, kwa muda fundi atakao. Fungeni rimu nzito zaidi kwenye gari na mlipime kwenye rola isiyo na breki, nguvu itaonekana kushuka, kwa sababu sehemu yake imetumika kuzichapua rimu zenyewe; mlipime kwenye breki kwa mwendo usiobadilika, na tofauti hiyo itatoweka. Injini haijui lolote kuhusu rimu. Zaidi ya hayo, upepo wa tairi, mikazo ya mikanda inayolifunga gari, na gia iliyochaguliwa vyote huonekana kwenye karatasi. Na feni! Gari lililosimama halina upepo wa kwenda, na feni ndogo mbele ya rejeta haitoshi. Hewa inayoingia injini hupata joto, kompyuta huchelewesha cheche ili kuzuia mafuta yasilipuke ovyo ndani ya silinda, na jaribio la tatu hutoka chini kuliko la kwanza. Magari mengi ya sasa pia yakiona magurudumu ya mbele yanazunguka na ya nyuma yametulia huhitimisha kwamba tairi zinateleza, yakapunguza nguvu yenyewe, isipokuwa mfumo huo umezimwa kwanza. Kwa hiyo rola ninaiamini sana kwa kazi moja: gari lilelile, mashine ileile, siku ileile, kabla na baada ya marekebisho. Kulinganisha namba za karakana mbili ni kujitafutia ugomvi.

Mtauliza kama watengenezaji wenyewe huaminika. Jibu ni kwamba hupotoka pande zote mbili. Kuanzia mwaka 1989 hadi 2004, kampuni za Japani zilikuwa na mapatano ya hiari ya kutotangaza gari la soko la ndani lenye zaidi ya farasi 280 wa kimetriki, na matokeo yake magari kadhaa yenye injini tofauti kabisa, Nissan Skyline GT-R likiwemo, yalitangazwa yote kuwa na 280, huku baadhi yakitoa zaidi ya hapo kwenye dainamomita. Upande wa pili, Ford Mustang Cobra la 1999 lilitangazwa kuwa na farasi 320, wamiliki wakalipima na kukuta pungufu, na kampuni ikasimamisha mauzo na kubadilisha mabomba ya kuingizia hewa, sehemu ya ekzosi na programu ya injini ili kuifikia ahadi yake. Mwaka 2005, SAE iliongeza kanuni ya J2723, inayomruhusu mtengenezaji kuiita nguvu yake “iliyothibitishwa” pale tu jaribio linapofanyika mbele ya shahidi huru. Injini ya kwanza kupitia utaratibu huo ilikuwa ya Chevrolet Corvette Z06, nayo ilithibitishwa kwa farasi 505.

Nitachepuka kidogo kuonyesha kwamba kipimo kibaya kinaweza hata kuiumba injini. Uingereza iliwahi kutoza kodi ya magari kwa fomula ya farasi iliyotokana na kipenyo cha silinda na idadi ya silinda tu, bila kujali mwendo wa pistoni chini na juu wala nguvu iliyotoka kweli. Wahandisi walifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya: wakachora silinda nyembamba zenye mwendo mrefu wa pistoni, zilizolipiwa kodi ndogo na ambazo hazikupenda mizunguko mingi. Mtindo huo uliendelea hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Nguvu ya injini ikishajulikana, bado hatujajua uwezo wa gari. Kipimo kinachopendwa ni muda wa kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa, nacho kinaweza kufanyiwa hesabu ya kuhakiki kwa mzani na saa tu. Gari la kilo 1,500, dereva akiwemo, likiwa kwenye mwendo huo lina nishati ya mwendo ya kilojuli 579 hivi. Likifika hapo kwa sekunde 10, wastani wa nguvu iliyoingia katika kulichapua ni kilowati 58, na ukiongeza ukinzani wa hewa, wa tairi, na sekunde zilizopotea kwenye gia, utaona kama namba ya kijitabu inaelekea ukweli au la. Hapa pia masharti yanajificha. Majarida ya Marekani, kwa desturi iliyotoka kwenye mbio za robo maili, huanza kuhesabu muda baada ya gari kusogea futi moja, na sentimita hizo 30 hupunguza sekunde 0.2 hadi 0.3 kwenye matokeo. Kwa gari linalodaiwa kutumia sekunde 3, hiyo ni karibu sehemu moja ya kumi.

Kasi ya juu kabisa hutawaliwa na sheria nyingine. Nguvu inayohitajika kuipasua hewa hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi. Gari la kawaida la saluni linahitaji takriban kilowati 8 kwa ajili ya hewa pekee likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, na kwenye kilomita 200 linahitaji mara nane ya hizo, karibu kilowati 64. Anayeongeza asilimia 10 ya nguvu akitarajia asilimia 10 ya kasi atapata kama asilimia 3.

Na kwamba maabara pekee haitoshi kulielewa gari, tulikumbushwa Septemba 2015, mamlaka ya mazingira ya Marekani ilipotangaza kwamba dizeli za Volkswagen zilikuwa na programu iliyotambua kwamba gari liko kwenye majaribio na kubadilisha utendaji wa injini. Kwenye rola moshi ulikidhi sheria. Barabarani oksidi za nitrojeni zilifika hadi mara 40 ya kiwango. Watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia ndio waliokuwa wameanza kuona dalili, kwa kufunga vifaa vya kupimia nyuma ya gari na kuliendesha safari ndefu za kawaida.

Nimalizie na magari ya umeme, kwa kuwa yanaingia karakanani na kuvuruga mazoea yetu. Mota ya umeme hutoa torki yake kubwa tangu ikiwa imesimama, na kinachoiwekea mpaka ni joto pamoja na uwezo wa betri. Kwa sababu hiyo Kanuni namba 85 ya Umoja wa Mataifa hudai namba mbili: nguvu ya juu kabisa, na nguvu ambayo mota inaweza kuihimili kwa dakika 30. Ya pili mara nyingi ni ndogo sana kuliko ya kwanza, na kwa kupanda mlima mrefu ndiyo ya maana. Gari mseto ni gumu zaidi, kwani huwezi kujumlisha kilowati za injini na za mota ukapata kilowati za gari: vilele vyao huwa kwenye mizunguko tofauti, na betri huenda isiweze kuilisha mota ipasavyo wakati huohuo. Kanuni ya kimataifa ya kupima nguvu ya mfumo mzima wa magari hayo ilipitishwa mwaka 2020 tu. Mkipandisha gari la aina hiyo kwenye rola, andikeni chaji ya betri na joto lake kabla ya kila jaribio, maana gari lilelile lenye chaji ya asilimia 20 huweza kutoa mchoro tofauti kabisa na ule lililoutoa likiwa na asilimia 90.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Niko tayari kwa maswali.